Nimevua joho, nimeshika chaki

Mpenzi msomaji, kuna kazi ambazo mtu akiziacha kwa hiari yake watu humtazama kana kwamba ameingiwa na wazimu. Uwakili ni mojawapo. Mtoto wa mtu akihitimu kuwa wakili, ukoo mzima humhesabu kuwa wakili wao, na kijiji humtolea mfano kila kunapokuwa na harambee. Siku akisema haendi tena kortini, ameamua kuwafundisha wanafunzi, minong'ono huanza. Je, alifutwa? Kesi zilimshinda? Au kuna pesa za mteja zilizopotelea mikononi mwake?

Minong'ono hiyo imeniandama miaka miwili sasa, tangu nilipoacha kesi za wafanyakazi na kuanza kuwafunza vijana wanaosomea sheria. Sikutaka kuizungumzia hapa, maana ukurasa huu ni wa familia, si wa kujitetea. Lakini mwezi uliopita nilipata barua kutoka kwa mzazi mmoja wa Nakuru. Anasema binti yake ni wakili wa kesi za ajira, ana miaka minane kazini, na sasa ataka kuacha ili awe mwalimu wa wanafunzi wa sheria. Mzazi huyu aliuza ng'ombe na kipande cha shamba ili binti afike hapo alipo. Anauliza: "Nimzuie, au nimwache aharibu maisha yake?"

Swali hilo si dogo. Mzazi aliyeuza shamba ana haki ya kuuliza mazao yako wapi. Basi leo nitamjibu kwa kirefu.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe ni ipi. Wakili wa kesi za ajira hashughuliki na wauaji wala wezi wa benki. Wateja wake ni watu wa kawaida: mlinzi aliyefutwa usiku, karani aliyeambiwa asirudi Jumatatu, mama mja mzito aliyeondolewa kazini kwa kisingizio cha utendaji mbaya. Wakati mwingine ni mwajiri mwenye duka dogo ambaye ameshtakiwa naye hajui amekosea wapi. Nilipoanza kazi hii miaka ya tisini, nchi ilikuwa katika kipindi kigumu. Kuanzia 1993 watumishi wengi wa serikali walistaafu mapema kupitia mpango wa kustaafu kwa hiari, na viwanda navyo vilikuwa vikipunguza watu. Sheria ya Ajira iliyotumika wakati huo ilikuwa ya 1976. Mwajiri akikupa notisi, au mshahara wa kipindi cha notisi, alikuwa amemalizana nawe. Katika kesi moja ya 1992 iliyohusu kiwanda cha nguo, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba mfanyakazi hana haki ya kusikizwa kabla ya kufutwa, ila kama mkataba wake wenyewe unasema hivyo. Nasi mawakili tulikwenda kortini tukiwa na hukumu hiyo shingoni kama nira.

Mambo yalibadilika Bunge lilipopitisha Sheria ya Ajira ya 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008. Sasa mwajiri anayetaka kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au afya lazima kwanza amweleze sababu, kwa lugha anayoielewa, akiwapo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama atakayemchagua. Kisha lazima amsikize. Hata yule anayefutwa papo hapo kwa kosa kubwa ni lazima asikizwe. Korti ikiona mtu ameonewa, inaweza kumpa fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12. Katiba ya 2010 nayo ikaweka haki ya kila mtu kutendewa kwa usawa kazini, na ikaagiza kuwe na korti maalumu ya mambo ya ajira na leba.

Utaona basi kwamba sheria yenyewe ni nzuri. Tatizo ni kwamba sheria haiwezi kujiendesha kama maji ya mto. Huendeshwa na watu, na watu hao hufunzwa na watu.

Mfano mmoja utakuonyesha ninachomaanisha. Kuna bwana mmoja aliyefanya kazi katika kampuni kwa miaka kumi na minne. Siku moja alipigiwa simu akaambiwa asirudi. Hapakuwa na barua wala sababu, wala hakuulizwa lolote. Kwa mtu anayeijua sheria, hiyo ilikuwa kesi ya kushinda. Naye hakulala: kabla ya wiki kwisha alikuwa amemlipa wakili. Wakili aliandika barua ya madai, kampuni ikajibu kwamba iko tayari kwa mazungumzo, na mazungumzo yakaendelea. Kila bwana huyu alipouliza, aliambiwa awe na subira. Alipochoka kungoja na kuja kwangu na faili yake kwapani, ilikuwa imepita miaka mitatu na miezi miwili tangu siku ya ile simu.

Madai yatokanayo na ajira yana kikomo cha miaka mitatu. Mazungumzo hayasimamishi saa hiyo, na jaji hana ruhusa ya kuiongeza. Kumbe wakili wa kwanza alijua kile ambacho wanafunzi wengi wa sheria hukariri, kwamba madai ya mkataba yana miaka sita. Hilo ni kweli kwa mikataba mingi. Lakini Sheria ya Ajira ina kifungu chake cha pekee kinachokata miaka hiyo sita kuwa mitatu. Kifungu hicho ni kifupi, hakijai hata robo ya ukurasa, na wakili yule hakuwahi kukisoma.

Nilimweleza bwana huyo kwamba angeweza kumdai wakili kwa uzembe. Alikaa kimya, kisha akaniambia hana nguvu ya kutafuta wakili amshtaki wakili. Aliichukua faili yake, akanishukuru, akaenda zake. Miaka kumi na minne ya jasho ilikwisha hivyo.

Mpenzi msomaji, jambo hilo lilinikosesha usingizi, maana bwana huyo hakuwa wa kwanza kuniletea faili ya aina hiyo. Nikaanza kujiuliza ni wangapi wanaopotea namna hiyo kila mwaka bila hata kufika mlangoni pangu. Kila kesi niliyoshinda ilimsaidia mtu mmoja, baada ya kuteseka miaka. Lakini kijana mmoja akifunzwa vizuri leo, ataangalia tarehe za mamia ya watu katika maisha yake ya kazi. Hapo ndipo nilipoanza kutazama upande wa chaki.

Sasa nieleze ninachofanya, kwa sababu wengi hudhani nimekuwa profesa. La. Kufundisha katika chuo kikuu kuna masharti yake ya shahada za juu, na binti wa Nakuru ayachunguze kama huko ndiko anakolenga. Mimi ni mwalimu wa vikundi vidogo. Baadhi ya wanafunzi wangu wako chuo kikuu, ambako sheria ya leba ni mojawapo ya masomo ya lazima kwa shahada ya sheria. Wengine wako Kenya School of Law, ambako mtu husoma kabla ya kukubaliwa kuwa wakili. Hawa wana mtihani wa karatasi tisa, na kila karatasi lazima uipite kwa alama 50 kwa mia. Ukianguka moja, unairudia. Kuna vijana werevu ambao wamerudia karatasi moja mara tatu huku wenzao wakiapishwa, na nyumbani mzazi anauliza kila Krismasi, "Unamaliza lini?"

Nilipoanza nilidhani vijana hawa huanguka kwa sababu hawasomi. Si hivyo. Wanasoma mno. Mwanafunzi anaweza kukutajia kesi za Uingereza za 1893 na 1932 kama mtu anayesoma majina ya wajomba zake. Lakini ukimpa kisa cha mtu mmoja aliyefutwa kazi na kumwambia, "Huyu mteja yuko mbele yako, utafanya nini?", anaanza kukuandikia historia ya sheria tangu ukoloni. Mtahini hakuuliza historia. Mteja naye hana haja nayo.

Kwa hivyo somo langu la kwanza ni la tarehe. Nawapa kisa, kisha nawakataza kuandika jambo lolote la sheria mpaka wamechora mstari na kupanga juu yake: aliajiriwa lini, alipewa barua ya kujieleza lini, alisikizwa lini, alifutwa lini, na leo ni tarehe ngapi. Wanachukia zoezi hilo. Wanasema ni la watoto wa shule ya msingi. Lakini kikundi cha kwanza nilichokifunza kilikuwa na vijana wanane, na sita kati yao walimwandikia mteja madai marefu ya kupendeza bila kuona kwamba muda wake ulikuwa umepita kwa siku tisa.

Somo la pili ni la hesabu. Mfanyakazi anayepunguzwa kwa sababu nafasi yake imeondolewa hulipwa si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Nawauliza: aliyefanya kazi miaka minane na miezi kumi atalipwa siku ngapi? Wengi hurukia miaka tisa. Sheria inasema mwaka uliotimia, kwa hivyo ni minane mara 15, yaani siku 120. Kosa dogo kama hilo huweza kumfanya wakili wa upande wa pili acheke na jaji ashuku hesabu nyingine zote ulizoandika.

Somo la tatu ndilo linalowatoa jasho. Nawaambia wanieleze sheria kwa Kiswahili. Kijana aliyekuwa akitiririka kwa Kiingereza ghafla hukwama kama gari katika matope ya Aprili. Mmoja alimwambia "mteja", ambaye nilikuwa mimi, kwamba nafasi yake "imekuwa ridandansi kwa mujibu wa prosija". Nikamwuliza, "Mwanangu, mimi ni mlinzi kutoka Kitui, unaniambia nini?" Darasa likacheka, naye akacheka. Lakini mlinzi wa kweli hachekeshwi na lugha ya namna hiyo. Huitikia tu, kisha akaweka sahihi pasipofaa. Sheria yenyewe inamtaka mwajiri aseme kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa. Iweje basi wakili awe na ruhusa ya kusema na mteja wake kwa mafumbo?

Kuna siku moja niliuliza darasani ni nani kati yao anatoka katika nyumba yenye mfanyakazi wa nyumbani. Karibu wote waliinua mkono. Nikauliza: ni nani kati ya wafanyakazi hao aliye na mkataba wa maandishi? Mikono yote ilishuka. Nikawasomea kwamba kazi ya miezi mitatu au zaidi inatakiwa kuwa na mkataba wa maandishi, kwamba ni jukumu la mwajiri kuuandaa, na kwamba ukikosekana, ni mwajiri atakayetakiwa kuthibitisha walikubaliana nini. Nikawasomea kuhusu siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na cheti anachopaswa kupewa mtu anapoondoka ili aonyeshe alikofanya kazi. Sheria haikusema haya ni ya ofisini pekee.

Jumatatu iliyofuata nilipigiwa simu na mama wa mwanafunzi mmoja. Hakuwa na salamu nyingi. "Mwalimu," alisema, "nilikupa mtoto umwandalie mtihani, si umtume aje kuchochea msichana wa kazi." Tulizungumza kwa muda. Nilimweleza kwamba kijana wake hakufanya uchochezi, alifanya kazi ya nyumbani niliyompa. Baadaye nilisikia kwamba yule msichana sasa hupumzika Jumapili. Mkataba bado haujaandikwa, na mimi sijasikia tena kutoka kwa mama huyo. Lakini niliona kwamba somo lilikuwa limevuka kizingiti cha darasa na kuingia jikoni mwa watu, mahali ambapo kesi zangu hazikuwahi kufika.

Nisije nikakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, msomaji. Kazi hii ina machungu yake. La kwanza ni pesa. Kesi moja kubwa ya ajira ikimalizika vizuri huweza kumlipa wakili zaidi ya anachopata mwalimu wa vikundi kwa miezi mingi. Tena wanafunzi hujaa mtihani unapokaribia na kutoweka unapokwisha. Nyumbani kwetu tulilazimika kuketi mezani, mimi na mume wangu na watoto wakubwa, tukapanga upya karo, kodi na safari za ushago. Mwanangu wa pili aliuliza kama sisi sasa ni maskini. Tulimwambia hapana, ila tutakuwa waangalifu.

La pili ni heshima. Shemeji zangu bado hunitambulisha kwa wageni kama wakili, kwa sauti ya juu, kisha wanabadilisha mada haraka kabla sijafungua mdomo.

La tatu ni kishawishi. Kuna wazazi, na hata wanafunzi wenyewe, wanaodhani mwalimu wa pembeni ni mtu wa kununuliwa. Mmoja alinijia akitaka nimwandikie mradi wake wote, naye angelipa mara tatu ya ada. Mwingine aliuliza kama nina "njia" ya kupata maswali. Jibu langu ni moja. Yule bwana wa miaka kumi na minne aliangushwa na wakili aliyekuwa na cheti ukutani lakini hakuwa na elimu iliyostahili cheti hicho. Siwezi kushiriki katika kuunda mwingine wa aina hiyo, hata kwa bei gani.

Sasa nimgeukie mzazi wa Nakuru na binti yake. Binti, kabla ya kuvua joho, safisha meza yako. Wakili ambaye jina lake liko katika rekodi za korti hawezi kuondoka kimyakimya, ni lazima afuate utaratibu na mteja ajue. Mwandikie kila mteja, mweleze kesi imefika wapi na tarehe ya karibu ni ipi, na mkabidhi faili kwa wakili ambaye yeye mwenyewe mteja amemkubali. Pesa za wateja zilizobaki katika akaunti, zirudishe zote kwa stakabadhi. Hiyo ndiyo itakayonyamazisha minong'ono kuliko maelezo yoyote.

Pili, jaribu kabla ya kuruka. Chukua kikundi kimoja cha Jumamosi kwa muhula mmoja huku ukiendelea na kesi zako. Kuna mawakili hodari ambao hawawezi kufundisha: wakisikia mwanafunzi akikosea wanamkatiza na kujibu wao. Kama huwezi kunyamaza huku kijana akitafuta jibu kwa dakika tano, bakia kortini, utasaidia watu zaidi huko.

Tatu, fikiria kama ni lazima uache yote. Cheti cha uwakili hulipiwa na kupatikana upya kila mwaka, na wako wanaokihifadhi ili washike kesi mbili tatu huku wakifundisha. Hilo huwaweka karibu na korti, na wanafunzi hupata mifano iliyo hai. Kwa mtu mwenye miaka minane tu kazini, ningemshauri aanze hivyo.

Na wewe mzazi, uliuliza kama umzuie. Mwulize kwanza kwa nini anataka kwenda. Kama anakimbia kesi, wateja au wakubwa wake, mwambie kwamba wanafunzi pia huchosha, na ada zao huchelewa kuliko za wateja. Lakini kama ameona jambo linaloharibika na anaamini anaweza kulitengeneza kutoka kwenye mzizi, mwache. Shamba lako halikupotea. Ulilipa ili binti yako aijue sheria, naye bado anaijua. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna vijana wengi watakaoijua kupitia kwake, na huenda siku moja mmoja wao akafungua faili ya mtu wa Nakuru, akaangalia tarehe mapema, na kuwahi kortini.

Wewe msomaji uliyefutwa kazi na unaendelea "kuzungumza" na mwajiri wako, usingoje nimalize safu hii. Tafuta barua yako, soma tarehe, uhesabu. Kama mwaka wa pili unakwisha, kesho asubuhi uwe mlangoni kwa wakili au kwa afisa wa leba.

Jumapili ijayo, majaliwa, nitajibu barua za akina mama waliouliza kuhusu likizo ya uzazi. Kwaherini.